Betri mpya, gari likikaa wiki haliwaki. Betri, alteneta au alamu?

1. Abiria_wa_SGR
Wakuu salaam. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, nilinunua kwa mtu. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma 2024 nimeacha kabisa kuendesha njia ile. Jumapili jioni napanda treni, gari linabaki uani hapa Mbezi, Ijumaa usiku narudi. Jumamosi asubuhi nikiwasha nasikia tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Nikibustiwa kwa betri ya gari jingine linawaka palepale, na kutwa nzima halisumbui tena, nazima na kuwasha nitakavyo.

Betri nimebadilisha, NS60 mpya ya Kariakoo. Ugonjwa uko palepale. Fundi wa kwanza anasema alteneta. Wa pili anasema betri niliyouziwa feki. Wa tatu alifungua boneti, akaona nyaya za alamu, akacheka, akaniambia nitafute aliyeifunga. Nimshike yupi? Sitaki kwenda Ilala kununua alteneta ya kubahatisha.

2. jirani_mbaya
Popobawa siku hizi hapandi dari, anasikiliza redio kwenye IST yako usiku. Funga madirisha.

3. FundiWaya_Tabata
Mtoa mada, gari linaloshindwa kuwaka baada ya kulala lina mambo matatu tu. Moja, betri haitunzi chaji. Mbili, alteneta haiijazi betri vya kutosha ukiendesha. Tatu, kuna kitu kinakunywa umeme ukiwa umezima. Kila fundi wako amechagua lake bila kupima.

Tafuta maltimita, mita ya kupimia umeme, hata ile ya njano ya bei rahisi. Chaji betri ijae, iache itulie masaa kadhaa, pima. Volti 12.6 kwenda juu imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.2 nusu. 12.0 hapo ni robo. Kisha washa gari pima tena, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Leta namba hapa tuzungumze.

4. Kobe_wa_Kigamboni
Mimi niko na fundi wa pili. Betri za mjini siku hizi nyingine ni kuukuu zilizooshwa, zikapigwa rangi, zikabandikwa stika. Niliuziwa moja inang'aa kama sahani ya harusi, haikumaliza kiangazi. Angalia namba ya tarehe iliyogongwa kwenye plastiki yenyewe, siyo stika. Kama imekwanguliwa, umeliwa.

5. Mzee_wa_504
Vijana mnapenda kujitesa. Washa gari, likiwa linaunguruma chomoa taminali ya hasi. Likizima, alteneta mbovu. Likiendelea, alteneta nzima, tafuta kwingine. Maltimita ya nini?

6. FundiWaya_Tabata
@Mzee_wa_504 shikamoo mzee, lakini hapana. Mtoa mada USIFANYE namba 5. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla injini ikizunguka, volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo sana, na hicho kitambo kinatosha kuunguza kompyuta ya injini, redio, au dayodi za alteneta yenyewe. Utapima alteneta nzima uiache mbovu.

7. Mzee_wa_504
Marahaba. Tumefanya hivyo miaka yote kwenye Peugeot na Land Rover, kutoka Iringa mpaka Tunduma, na hakuna kilichoungua.

8. jirani_mbaya
Mzee, zile Land Rover zilikuwa na kompyuta gani ya kuungua? Kompyuta ilikuwa wewe mwenyewe na spana namba 13.

9. Mzee_wa_504
Na ilikuwa haikwami.

10. Dada_Premio
Mtoa mada, kabla ya kuingia kwenye maltimita, ukishapaki usiku zunguka nyuma ya gari uangalie taa za breki. Langu lilinisumbua mwezi mzima, mafundi wanabadilisha hiki na kile, mpaka mlinzi wa jengo akaniuliza, "Mama, mbona gari lako linawaka taa nyekundu huku nyuma usiku kucha?" Kumbe kwenye pedali ya breki kuna kijiplastiki kidogo kinachogusa swichi. Kwenye magari ya Kijapani ya umri huu kinakauka na kubomoka, swichi inabaki inadhani umekanyaga. Ukiona vipande vidogo vya plastiki kwenye kapeti chini ya pedali, ndicho hicho. Kipya ni hela ndogo sana, na wengine wanaweka bolti yenye nati kwa muda.

11. Likoni_Dereva
Habari za huko wadau. Mimi niko Mombasa, nina Fielder. Huku pwani kabla ya yote angalia taminali. Hewa ya chumvi inakula, unapata unga mweupe na kijani umejaa. Mwagia maji moto yenye magadi, sugua na brashi ya waya, kausha, paka grisi. Yangu ilikuwa inakataa kuwaka kila Jumatatu, nikasafisha, ikaisha kabisa.

12. Saketi_Fupi
@Likoni_Dereva unga kwenye taminali unazuia umeme kupita, haunyonyi. Angekuwa na tatizo hilo gari lingemsumbua hata mchana baada ya kuzima. Yeye anasema kutwa halisumbui.

13. Likoni_Dereva
@Saketi_Fupi taminali kuzuia, nakubali. Lakini uchafu wenye asidi ukitapakaa juu ya betri kutoka chanya mpaka hasi ni njia ya umeme pia. Shika waya mmoja wa mita kwenye hasi, wa pili ugusishe kwenye plastiki ya juu ya betri, telezesha. Ukiona volti inasoma pale kwenye plastiki, betri inajinyonya yenyewe hata ikiwa mezani.

14. Saketi_Fupi
Hilo la juu ya betri ni kweli. Ila kwa betri mpya bado sijashawishika.

15. Baba_Ayman_Muscat
Assalaam aleikum. Mie niko Maskati. Huku kiangazi joto linapita 40 na betri ikifika miaka 2 ushukuru, hata gari likilala ndani. Joto linaua betri kuliko baridi: maji yanakauka, na hata ikikaa bila kazi chaji inashuka yenyewe upesi. Dar nako si haba. Huenda hakuna kinachonyonya, betri tu inapikwa juani uani wiki nzima.

Nikienda Unguja likizo nachomoa hasi, nafunga taminali kwa kitambaa, nikirudi nawasha. Sijapata kubustiwa.

16. FundiWaya_Tabata
Joto linafupisha maisha ya betri, sikatai. Lakini betri mpya iliyojaa haiwezi kufa kwa siku tano kwa sababu ya jua la Mbezi pekee. Ingechukua miezi.

17. Teja_wa_Magari
Itakuwa smati kii. Ukiweka ufunguo ndani ya nyumba karibu na gari, gari na ufunguo vinaongea usiku kucha, kompyuta hailali. Weka ufunguo mbali, zaidi ya mita mbili, au ndani ya kopo la chuma.

18. Dada_Premio
@Teja_wa_Magari IST ya 2004 hiyo kaka, wengi wetu tunachomeka ufunguo tunazungusha. Hayo maongezi ya usiku ni ya Crown na Harrier.

19. Teja_wa_Magari
Sawa, lakini mwenye Crown akisoma atanufaika.

20. Abiria_wa_SGR
Asanteni wote. Nimenunua mita. Taa za breki ziko poa, zinazima. Jumamosi kabla ya kubusti: 11.6. Nilipeleka betri ikachajiwa usiku kucha, ikatulia: 12.6. Gari likiunguruma: 14.1. Nikiwasha taa kubwa, AC na feni: 13.8. Namba ya tarehe kwenye plastiki ipo, haijakwanguliwa, ni ya mwaka huu.

21. FundiWaya_Tabata
Vizuri sana. Betri inashika, alteneta inajaza. Limebaki la tatu, kuna mnyonyaji. Fundi wa alteneta amekaa benchi.

22. Saketi_Fupi
Asikae benchi haraka. Ndani ya alteneta kuna dayodi kadhaa zinazoruhusu umeme uende betri usirudi. Moja ikianza kuvuja, alteneta bado inaweza kukusomea 14.1 ukiwa na mzigo mdogo, ila ukizima umeme unarudi kinyumenyume usiku kucha. Weka mita upande wa AC, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, pima kwenye betri. Ikipita nusu volti, dayodi si salama.

23. Kobe_wa_Kigamboni
AC si ya kupoza?

24. Saketi_Fupi
AC ya umeme kaka, ile alama ya V yenye kiwimbi. Ya kupoza utaiwasha baadaye.

25. FundiWaya_Tabata
Haya, namna ya kumkamata mnyonyaji. Soma yote kabla hujashika spana.

Zima kila kitu, toa ufunguo. Fungua boneti, uiache wazi. Mlango wa dereva uache wazi pia ili ufikie fyuzi za ndani, lakini kile kitufe cha swichi kwenye fremu ya mlango kibane kwa utepe ili gari lidhani mlango umefungwa, la sivyo utapima taa ya ndani. Ukimaliza usisahau kuutoa huo utepe.

Kwenye mita, waya mwekundu uhamishie tundu la 10A. Lile tundu jingine la miliampea lina fyuzi ndogo, itakatika ukigusa tu. Na hizi mita za njano nyingi tundu la 10A halina fyuzi kabisa, limeandikwa kabisa pale mbele. Kwa hiyo mita ikiwa katikati USIWASHE GARI wala kuwasha taa kubwa. Stata inavuta ampea mia na zaidi, mita itatoa moshi mkononi mwako.

Legeza taminali ya hasi, siyo chanya. Hasi kwanza kwa sababu spana ikigusa bodi hakuna cheche. Unganisha mita kati ya nguzo ya hasi na ile taminali uliyoitoa. Mwanzo itasoma juu, subiri nusu saa mifumo ilale. Gari zima linatakiwa lisome chini ya ampea 0.05. Nyingi ni 0.02 au 0.03, saa na kumbukumbu ya redio.

Ikisoma zaidi, toa fyuzi moja moja, angalia ipi inashusha namba. Irudishe, nenda inayofuata. Maboksi ni mawili, la kwenye injini na la chini ya dashibodi. Usilisahau lile la kwenye injini.

26. Saketi_Fupi
Njia nzuri kwa gari kama hili. Wenye magari mapya msitoe fyuzi, kila ukiitoa na kuirudisha unaamsha kompyuta upya na kusubiri kunaanza moja. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vichwa viwili vya chuma vinavyoonekana mgongoni mwa fyuzi. Fyuzi isiyopitisha kitu inasoma sifuri. Inayosoma chochote, hapo kuna umeme unatembea.

27. Likoni_Dereva
Asiye na mita anaweza kutumia balbu ya taa ndogo, ile ya wati 5, katikati ya hasi na taminali. Ikiwaka, kuna kitu kinakunywa. Makanika wa huku jua kali wote wanatumia hiyo.

28. FundiWaya_Tabata
Inafaa kwa mnyonyaji mkubwa. Akiwa mdogo, wa 0.1 hivi, balbu itabaki giza nawe utaenda kulala ukidhani umepona.

29. Mama_Shamba_Moro
Naomba kuuliza pembeni. Betri ya pikapu imekauka maji, kijana anasema aongeze maji makali. Sawa?

30. Mzee_wa_504
Hapana mama. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza maji makali unakoleza, yanakula mabamba. Nunua yale maji ya betri yasiyo na asidi, jaza yafunike mabamba tu, usifurishe. Na ukiitoa usiiweke kwenye sakafu ya saruji, saruji inanyonya chaji. Weka juu ya ubao.

31. Saketi_Fupi
Mwanzo umenena mzee. La saruji ni la enzi za betri zenye boksi la mbao na la mpira. Plastiki za sasa, saruji hainyonyi kitu. Ikifa sakafuni imekufa kwa kukaa bila kuchajiwa.

32. Mzee_wa_504
Mimi yangu inakaa juu ya ubao na iko hai. Ya kwako?

33. jirani_mbaya
Mzee leo yuko kwenye chaji.

34. Abiria_wa_SGR
Nimerudi. Nimefanya kama namba 25, kitufe cha mlango kwa utepe na kila kitu. Mwanzo ilisoma zaidi ya ampea moja, ikashuka, baada ya nusu saa ikatulia kwenye 0.38. Sijagusa fyuzi bado, mvua imeanza.

35. Teja_wa_Magari
0.38 ni kidogo sana mkuu, chaja ya simu inakula zaidi ya hapo. Sio hiyo.

36. Saketi_Fupi
@Teja_wa_Magari chaja ya simu unaichomoa, hii haichomolewi. 0.38 zidisha masaa 24 ni ampea-saa 9 kwa siku. NS60 yake ina kama 45. Kutoka Jumapili jioni mpaka Jumamosi asubuhi, yote imeisha na deni juu. Namba inalingana kabisa na 11.6 yake.

Na ujue betri ya gari haikutengenezwa kufikishwa huko chini. Kila ikilala tupu mabamba yanashika chokaa ya salfa, uwezo unapungua. Ukiendelea hivi, mwakani yule fundi wa "betri feki" atakuwa amepata haki yake.

37. Kobe_wa_Kigamboni
Nilisema mimi.

38. Bolt_Mstaafu
Mtoa mada, umesema ulinunua kwa mtu. Huyo mtu alikuwa anafanyia nini gari? Nauliza kwa sababu IST nyingi hapa mjini zimepitia kwenye mkopo na kazi za teksi za mtandao. Mkopeshaji anafunga GPS ya siri, wakati mwingine mbili, moja ya kuonekana na moja ya kufichwa. Mkopo ukiisha wanatoa ile ya kuonekana, au hawatoi hata moja. Gari linauzwa na mdudu wake ndani. Langu nililipata moja nyuma ya redio, la pili limefungwa utepe mweusi kwenye fungu la nyaya chini ya usukani, huwezi kulitofautisha na waya wa kiwandani.

Tena ile yenye laini iliyofungiwa ni mbaya zaidi, inatafuta mtandao usiku kucha haipati, hailali.

39. Abiria_wa_SGR
@Bolt_Mstaafu duh. Kweli alikuwa anafanyia teksi. Alamu alifunga yeye pia.

40. Dada_Premio
Kabla ya kuchana dashibodi, ufunguo wa gari unamwachia nani ukiwa Dodoma?

41. Abiria_wa_SGR
Unabaki nyumbani. Shemeji yangu analiosha Jumatano.

42. Dada_Premio
Akiliosha, redio inalia?

43. Abiria_wa_SGR
Nitauliza.

44. jirani_mbaya
Uzi ufungwe. Mnyonyaji ana jina na anapenda singeli.

45. Bolt_Mstaafu
Msicheke. Ufunguo ukiwa ACC (hatua ya redio, injini haijawashwa), redio kubwa na amplifaya masaa mawili, milango yote minne wazi taa za ndani zinawaka, hapo umekula sehemu nzuri ya betri.

46. FundiWaya_Tabata
Shemeji anaongeza, lakini mita ilisoma 0.38 shemeji akiwa hayupo. Twende na fyuzi.

47. Abiria_wa_SGR
Matokeo ya leo. Boksi la injini: fyuzi iliyoandikwa DOME nilipoitoa, namba ilishuka kutoka 0.38 mpaka 0.12. Nyingine zote za injini na za chini ya dashibodi hakuna iliyobadilisha kitu. Nikazitoa zote kwa pamoja, bado 0.12. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Fyuzi zote ziko kwenye sahani na bado gari linakula.

Shemeji amekiri redio. Anasema "nyimbo mbili tu".

48. FundiWaya_Tabata
Una wanyonyaji wawili. Wa kwanza yuko kwenye DOME. Njia hiyo kwa kawaida inalisha taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Una redio ya kiwandani au ile ya Android ya kioo kikubwa?

49. Abiria_wa_SGR
Android ya inchi 9. Ilikuja na gari.

50. FundiWaya_Tabata
Basi itoe, angalia nyaya mgongoni. Wa njano ni umeme wa kudumu, kwa ajili ya kumbukumbu. Mwekundu ni wa ACC, unatakiwa upate umeme ukizungusha ufunguo tu. Mafundi wa haraka, hasa pale waya wa ACC ukiwa haupatikani kirahisi, wanasokota mwekundu na wa njano pamoja. Redio inawaka vizuri, unaizima kwa kitufe, kioo kinakuwa cheusi, ndani imekaa macho. Hiyo ndiyo 0.26 yako.

Au nyaya ziko sawa ila kwenye mipangilio imewekwa isinzie badala ya kuzima kabisa, ili ukiwasha gari ije upesi. Iweke izime. Itachukua muda kidogo kuwaka asubuhi, vumilia.

51. Teja_wa_Magari
Hii imenigusa. Yangu ukiwasha gari inakuja papo hapo hata kama limelala wiki. Nilikuwa najisifu kuwa ina kasi.

52. Abiria_wa_SGR
Nimetoa redio. Njano na mwekundu zimesokotwa pamoja, zimefungwa selotepu ya karatasi. Nimechomoa soketi ya redio, mita 0.12. Kwa hiyo DOME yote ilikuwa redio. Asante fundi. Sasa hii 0.12?

53. Saketi_Fupi
Fyuzi zote nje na bado inasoma, njia ni mbili. Alteneta, waya wake mnene hauguswi na hizo fyuzi ndogo ulizozitoa. Au kitu kilichounganishwa moja kwa moja kwenye betri. Mimi nasema alteneta. Dayodi inayovuja kidogo ndivyo inavyoonekana.

54. FundiWaya_Tabata
Mimi nasema alamu au ile GPS ya Bolt_Mstaafu. Waliofunga wanapenda kugonga moja kwa moja kwenye chanya. Fuata kila waya mwembamba ulioshikiliwa kwenye taminali ya chanya, uone unaelekea wapi. Alamu yenyewe ikiwa mbovu inakula hiyo 0.12 bila wasiwasi.

55. Mzee_wa_504
Asubuhi kabla ya kuwasha, shika alteneta kwa mkono. Ikiwa na uvuguvugu, dayodi.

56. Saketi_Fupi
Mzee mkuu, 0.12 mara volti 12 ni wati moja na nusu. Kwa kipande cha chuma kizito kama kile hutasikia joto lolote. Hiyo inafaa dayodi ikiwa imekufa kabisa, inavuta ampea kadhaa.

Kupima bila ubishi: toa hasi ya betri kwanza, fungua nati ya waya mnene nyuma ya alteneta, chomoa na soketi yake, funika ule waya kwa mpira usiguse bodi. Rudisha mita kama mwanzo. 0.12 ikipotea nimeshinda. Ikibaki ameshinda fundi wa Tabata.

57. FundiWaya_Tabata
Na kile kipimo cha AC cha namba 22 mtoa mada hajakileta.

58. Abiria_wa_SGR
AC inasoma 0.3 taa zikiwa zimewaka.

59. Saketi_Fupi
Mita hizi za njano kwa upande huo hazina uaminifu.

60. FundiWaya_Tabata
Ingesoma 0.7 zingekuwa na uaminifu?

61. jirani_mbaya
😂😂😂

62. Baba_Ayman_Muscat
Huku mnabishana, yeye kesho ana treni. Mwanangu, chomoa hasi uende zako. Hakuna mnyonyaji anayekula betri isiyounganishwa.

63. Bolt_Mstaafu
Kama kweli kuna GPS ya mkopeshaji na mkopo wa yule jamaa haujaisha, ukichomoa utapigiwa simu. Zina betri ndogo yake ndani, zinatuma taarifa kuwa umeme umekatwa. Na ukipigiwa, angalau tatizo la 0.12 litakuwa limejibiwa.

64. Kobe_wa_Kigamboni
Angalizo. Mimi nikichomoa hasi, nikirudisha gari linazimazima likiwa sailensa, mpaka nikanyage mafuta kidogo. Tena redio inasahau stesheni zote.

65. FundiWaya_Tabata
@Kobe_wa_Kigamboni throto yako, mlango wa hewa ya injini, ina masizi. Kompyuta ilikuwa imejifunza kuyafidia taratibu, ukikata umeme inasahau. Safisha throto, kisha liache liungurume bila kukanyaga mpaka lipate moto, litajifunza upya.

66. Mama_Shamba_Moro
Kwani hawezi kuweka sola? Sisi pikapu likikaa shambani tunaweka paneli ndogo juu ya dashibodi.

67. Saketi_Fupi
Inafaa, mama. Paneli ya wati 10 kwenye jua kali inatoa nusu ampea hivi, masaa kama sita inafidia 0.12 ya siku nzima. Lakini weka kidhibiti chaji katikati, na dashibodi yenye kioo cha giza inapunguza sana. Lake limepaki chini ya mwembe?

68. Abiria_wa_SGR
Chini ya bati.

Wakuu, nimeamua hivi. Redio nimeiacha imechomolewa, hasi sijachomoa kwa sababu nataka kuona 0.12 peke yake inafanya nini mpaka Ijumaa. Ufunguo naondoka nao. Wikiendi ijayo nafungua waya wa alteneta kama namba 56, na fundi wa alamu atakuja. Leo tu nimeona nyaya mbili nyembamba kwenye chanya, moja inaingia dashibodi, nyingine inakwenda nyuma chini ya kapeti la abiria, sijui inaishia wapi.

69. Saketi_Fupi
Hesabu yangu: 0.12 ni karibu ampea-saa 3 kwa siku. Ijumaa utakuwa umepoteza 14 au 15, gari litawaka. Likikaa wiki mbili mfululizo ndipo litakukatalia.

70. Bolt_Mstaafu
Fuata ule unaokwenda nyuma. Alteneta haina kazi chini ya kapeti.

71. Mwalimu_Aqua
Samahani kuingilia, nina Aqua, haiwaki, boneti nimefungua betri siioni. Jirani kaja na nyaya za kubustia anataka kushika kwenye ile betri kubwa ya haibridi. Wanaosema Aqua haina betri ya kawaida wako sahihi?

72. FundiWaya_Tabata
MZUIE JIRANI. Ile kubwa ina volti zaidi ya mia, haiguswi. Betri ya volti 12 ipo, iko upande wa nyuma chini ya kiti cha abiria wa nyuma, na ni ndogo kuliko ya IST ndiyo maana inakufa upesi. Kwa kubustia, boksi la fyuzi chini ya boneti lina kituo cha chanya chenye kifuniko, hasi shika kwenye chuma cha injini. Ikiwaka taa ya READY kwenye dashibodi iache hapo iwake, ndipo inapojichaji. Kukaa umewasha ACC bila READY unasikiliza redio ndiko kunakoiua.

73. Mwalimu_Aqua
Jirani amekasirika ameondoka na nyaya zake.

74. Likoni_Dereva
@Mwalimu_Aqua uko wapi? Kama ni Mombasa mimi ninazo.

75. Mwalimu_Aqua
Tanga.

76. jirani_mbaya
Likoni mpaka Tanga na nyaya za kubustia. Mzee_wa_504, chukua Peugeot umpitie mwenzako.